Picha za kupamba ziko kwenye kompyuta ya sebuleni. Ufunguo anao nani?

Kompyuta ya nyumbani kwenu inakaa wapi? Usinijibu, ngoja nikisie. Iko sebuleni, juu ya kimeza chenye kitambaa, karibu na ile soketi moja isiyolegea. Asubuhi kakako anatafutia kazi. Mchana mdogo wako anachezea gemu. Jioni mtoto wa jirani anabisha hodi, flashi mkononi: "Naomba kuprinti kazi ya shule, dakika mbili tu." Kompyuta haina mwenyewe. Ni ya nyumba nzima, kama mtungi wa maji.

Sasa ndani ya kompyuta hiyo hiyo kuna folda imeandikwa "Harusi ya Dada". Kama wewe ni wa Lamu, Faza ama Mji wa Kale Mombasa, unajua kilichomo. Usiku wa kupamba, bibi harusi anatolewa akaonekane na wanawake wenzake, na ukumbini hamna mwanamume hata wa dawa. Mabuibui yamevuliwa, hina imekolea, dhahabu zinang'ara, na shangazi zako wanacheza vile hawachezi popote pengine. Mpiga picha ni mwanamke. Harusi nyingine simu zinaachwa mlangoni kabisa. Watu wanajisumbua hivyo ili mambo ya usiku ule yabaki pale pale.

Halafu wiki mbili baadaye picha zinaletwa kwa flashi, zinanakiliwa kwenye kompyuta ya sebuleni, na mtoto wa jirani amekaa papo hapo na flashi yake.

Ukumbi ulilindwa kwa saa chache. Folda ile itakaa miaka, na wengi wetu hatujaifunga hata siku moja.

Nimechukua picha za harusi kwa sababu Pwani kila mtu anaelewa uzito wake. Yako inaweza kuwa kitu kingine: nakala ya hatimiliki ya shamba la babu, majibu ya hospitali, kitambulisho, barua za mchumba aliye Jeddah, shajara yako. Dawa ni ile ile. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie lugha ya profesa. Nitakueleza vile tungeongea barazani.

Kuficha siyo kufunga

Jambo la kwanza huwashangaza wengi: Windows yenyewe haikupi njia ya kuweka nywila kwenye folda moja. Hakuna. Utabofya mpaka alfajiri, mahali pa kuandika pasiwadi ya folda hutapaona. Kwa hivyo watu hujitafutia mbinu, na tatu zinazopendwa zaidi hazina kitu.

Ya kwanza ni kuificha folda. Unabofya kwa kitufe cha kulia, unaweka alama penye Hidden, folda inapotea. Poa, lakini nani asiyejua kuirudisha? Unakikumbuka kile kirusi cha flashi kinachoficha faili zako zote na kukuachia vishale vya shotikati? Ukitoka saiba na kirusi kile, dawa ya kwanza ilikuwa kuamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kimejifunza kufichua faili kwa sababu ya flashi chafu. Sasa wewe unamficha nani?

Ya pili ni ile ya Notepad. Kuna video kibao: nakili mistari hii, hifadhi kwa jina linaloishia na .bat, ibofye, andika nywila, folda inayeyuka. Inafurahisha kweli. Tatizo ni kwamba nywila yenyewe imeandikwa ndani ya faili hiyo hiyo kwa herufi za kawaida. Anayetaka anaifungua kwa Notepad, anaisoma, anaingia. Ni kama kufunga mlango kisha ufunguo ukautundika kwenye kitasa.

Ya tatu ni programu za bure zinazojiita za kufunga folda. Zipo nzuri, lakini nyingi zinaficha tu kwa ustadi zaidi kidogo. Diski ikitolewa na kuunganishwa kwenye mashine nyingine isiyo na programu hiyo, kila kitu kinaonekana.

Hapo ndipo penye kipimo, na nakuomba ukikariri. Ukisikia mbinu yoyote ya kulinda faili, jiulize: mtu akiichomoa diski hii na kuitia kwenye kompyuta yake, ataona nini? Kama ataona picha, basi hukufunga. Umefunika na pazia.

Mpango wa nyumba ya kale

Ukipita vichochoro vya Mkomani, ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, tazama nyumba za mawe zilivyopangwa. Mbele ya mlango kuna daka lenye viti vya mawe. Mgeni wa kawaida anazungumziwa pale pale dakani. Aliyekaribishwa anaingia, na njia inapinda ili anayepita nje asione moja kwa moja. Kisha kiwanda, kisha msana, kisha kule mwisho kabisa, ndani, penye zidaka ukutani. Kule hafiki ila mtu wa nyumba. Kadiri unavyosonga mbele ndivyo wenye ruhusa wanavyopungua.

Waliojenga hawakuwa na Windows, lakini walijua kwamba kumkaribisha mtu nyumbani si kumpeleka mpaka zidakani. Kompyuta ya sebuleni kwa kawaida haina mpango huo. Aliyefika dakani amefika ndani.

Kwa hivyo hatua ya kwanza, ambayo ni bure na inachukua robo saa, ni kumpa kila mtu chumba chake. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, tafuta sehemu ya akaunti, fungua akaunti ya kila mwana nyumba anayetumia mashine, kila moja na nywila yake. Fungua pia moja ya wageni. Mtoto wa jirani akija kuprinti, anaingia humo. Hiyo peke yake inazuia ajali nyingi zaidi: mdogo wako anayetafuta gemu hatajikwaa kwenye picha za shangazi.

Lakini yajue mapungufu yake. Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kuingia kwenye folda za akaunti zingine, kwa hivyo kubalianeni ni nani, na wengine wote wawe watumiaji wa kawaida. Ukiinuka kwenda kula, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L ili skrini ijifunge. Na hasa, nywila ya akaunti inalinda mlango wa mbele tu. Rudi kwenye kile kipimo chetu: diski ikichomolewa, ukiwa hujaisimba yote, yaliyomo yanasomeka.

Kusimba maana yake programu inazivuruga data kwa hesabu, kiasi kwamba bila nywila ni takataka tupu, hata diski iende wapi. Windows za toleo la Pro zina BitLocker inayosimba diski nzima. Za Home hazina BitLocker kamili, ila kwenye mashine nyingi za karibuni kuna usimbaji wa kifaa kwenye mipangilio. Mac zina FileVault. Ukiwasha mojawapo, utapewa ufunguo wa dharura, namba ndefu sana au mchanganyiko wa herufi na namba. Iandike karatasini kabla ya kufanya lingine lolote.

Kasha lenye kufuli

Tuje kwenye folda yenyewe. Hata kama diski nzima imesimbwa, mashine ikiwa imewashwa na mtu amekalia akaunti yako, ni wazi. Ndiyo maana picha za kupamba zinahitaji kasha lao, kama yale makasha ya mbao ya bibi zetu. Njia mbili ni za bure na zimeaminika kwa miaka.

Njia nyepesi ni 7-Zip, programu ndogo ya Igor Pavlov iliyoanza mwaka 1999. Ipakue kutoka kwenye tovuti yake rasmi, siyo kwenye flashi ya rafiki. Ukishaiweka, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua 7-Zip, kisha kuiongeza kwenye kifurushi. Aina ya kifurushi iwe 7z. Andika nywila mara mbili. Halafu usisahau kuweka alama palipoandikwa Encrypt file names. Usipoiweka, mtu hatafungua picha lakini majina atayasoma yote, na majina kama "Shangazi anacheza 14" yanatosha kuleta maneno mtaani. Data zinasimbwa kwa AES ya biti 256, kipimo kile kile kinachotumika kwenye mambo mazito ya dunia.

Ila 7-Zip ina udhaifu mmoja. Ukifungua picha kutoka ndani ya kifurushi, nakala yake inawekwa kwa muda kwenye folda ya mpito ya Windows, na mara nyingine inabaki huko. Kwa hivyo ni nzuri kwa vitu unavyoviweka na kuviacha. Kwa vile unavyovigusa kila wiki, tumia VeraCrypt.

VeraCrypt ilitoka mwaka 2013, ikarithi kazi ya TrueCrypt ambayo watengenezaji wake waliiacha mwaka uliofuata. Unatengeneza faili moja kubwa, tuseme ya gigabaiti 20, na hilo ndilo kasha. Likiwa limefungwa ni faili tu isiyosomeka. Ukitoa nywila, linajitokeza kama diski mpya, labda kwa herufi M, unatazama picha zako, ukimaliza unaliondoa na diski inapotea. Mara ya kwanza inachosha kidogo kuliandaa. Mara ya tatu mkono umezoea. Kwenye Mac huhitaji kupakua chochote: Disk Utility inatengeneza kasha la namna hiyo hiyo.

Sasa skiza vizuri, hapa ndipo watu huanguka. Ukishafunga picha ndani ya kasha, ile folda ya awali bado ipo nje. Kwanza jaribu kulifungua kasha na uhakikishe picha zimo na zinafunguka. Kisha futa folda ya nje, na umwage pipa la taka. Halafu tafuta nakala zingine: ile flashi ya mpiga picha, folda ya Downloads, picha tano ulizomtumia dada kwa WhatsApp zikabaki kwenye simu. Na ujue kwamba kwenye diski za zamani zinazozunguka, faili iliyofutwa mara nyingi huweza kufufuliwa kwa programu za bure. Ndiyo sababu ni afadhali kulitengeneza kasha kwanza, picha zikija ziingie humo moja kwa moja.

Nywila ya maneno matano

Kufuli la AES halivunjwi kirahisi. Kinachovunjika ni nywila yako. "Lamu2024" si nywila. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa si nywila. Namba ya simu yako anayo muuza samosa. Na "123456" imekuwa ikiongoza orodha za nywila zinazotumika zaidi duniani karibu kila mwaka, kwa hivyo ndiyo ya kwanza kujaribiwa.

Watu wengi hudhani nywila nzuri lazima iwe kama matusi ya katuni, alama na namba kila pahali, hawaikumbuki, wanaibandika kwenye skrini. Urefu una nguvu kuliko vurugu hizo. Mwaka 1995 Arnold Reinhold wa Marekani alipendekeza njia aliyoiita Diceware: una orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu tano kuchagua neno, unarudia. Maneno matano tu yanatoa michanganyiko zaidi ya bilioni 28 mara bilioni moja. Binamu yako hata awe na subira ya mvuvi, hafiki.

Kwetu, chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, fungua ukurasa bila kutazama, weka kidole. Fanya hivyo mara tano. Ukipata jahazi, kijiko, mvua, tikiti, godoro, hiyo ni nywila. (Usitumie hii, imeshachapishwa.) Usichague maneno kichwani mwako, kwa sababu kichwa huchagua vile unavyovipenda na watu wanavijua. Methali pia usitumie, wala mstari wa wimbo. Anayekujua ataanzia hapo.

Laptopu ikivuka bahari

Hewa ya chumvi haina huruma na mashine. Leo kibodi, kesho chaja, keshokutwa haiwaki kabisa. Kisha inaanza safari: punda au mkokoteni mpaka gatini, boti mpaka Mokowe, basi la Mombasa kupitia Witu, Garsen na Malindi. Inafika kwa fundi ambaye pengine hujawahi kumwona, inalala kwake siku tatu.

Mafundi wengi ni waaminifu na wana kazi nyingi mno kutazama harusi za watu. Lakini siri ya watu hamsini haifai kuegemea tabia ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2008, picha za faragha za mwigizaji wa Hong Kong, Edison Chen, pamoja na wanawake aliokuwa nao, zilitapakaa duniani. Zilitoka kwenye laptopu aliyoipeleka kutengenezwa. Aliyezichukua alifungwa mwaka 2009, lakini picha hazikurudi, na waliolipa gharama kubwa zaidi ni wale wanawake. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipeleka laptopu madukani zikiwa zinarekodi kila linalofanywa. Baadhi ya mafundi walifungua picha za wenyewe, na wapo walionakili.

Kwa hivyo kabla haijaenda: kama inatengenezwa chaja au skrini, fundi hahitaji nywila yako. Kama anahitaji kuingia, mfungulie akaunti yake. Kama diski inatoka na tatizo haliko kwenye diski, itoe ubaki nayo. Shida ni kwamba mashine iliyokufa haikupi nafasi ya kupanga haya. Kasha lifungwe sasa, ingali hai.

"Unaficha nini?"

Utaulizwa, hakika. Siku utakapoweka nywila, kuna mtu atakukazia macho. Kwa wazazi wetu, kijana kufunga kitu ndani ya nyumba ya wazazi inaweza kuonekana kama dharau, na kwa wenye wivu ni ushahidi kabisa.

Waeleze kwa lugha ya nyumbani. Sisi ndio watu wa hodi. Surat An-Nur inafundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za wengine, na hata watoto na watu wa ndani wana nyakati tatu za siku ambazo lazima waombe kwanza. Hakuna aliyewahi kuona hodi kuwa dalili ya uovu. Mwambie mama: "Folda hii ina picha zako wewe bila buibui. Nataka anayeingia abishe hodi." Uone kama atakataa.

Na sheria iko upande wako. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamwekea anayeingia kwenye kompyuta bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Kusambaza picha chafu au za siri za mwenzio ni hadi Sh200,000 au miaka miwili, au vyote. Ni vizuri kuijua. Lakini mahakama huja baada ya picha kuzunguka, na shangazi yako hataki kesi, anataka zisionekane.

Nywila ni ya nani?

Hili ndilo swali ambalo video za YouTube hazikuulizi. Kasha la 7-Zip au VeraCrypt halina kitufe cha "nimesahau nywila". Ukiisahau, picha zimekwenda, na hakuna fundi wa Mombasa wala Nairobi wa kukusaidia. Ukipatwa na jambo, Mungu aepushe, zimekwenda na wewe.

Kwa hivyo weka mambo mawili. Nakala ya pili ya kasha, likiwa limefungwa vile vile, kwenye diski ya nje inayokaa mahali pengine, kwa sababu maji ya chumvi hayachagui faili. Na nywila iandikwe kwenye karatasi, bila kutaja ni ya nini, iwekwe pale mnapoweka vyeti na hatimiliki.

Karatasi hiyo ikae na nani? Kama folda ni "Harusi ya Dada", basi ni ya dada, hata kama kompyuta ulinunua wewe na kasha umelitengeneza wewe. Sura ni yake, na wale wageni walivua mabuibui kwa kumwamini yeye. Wewe fundi wa nyumba kazi yako ni kumwonyesha jinsi ya kufungua na kufunga, kumwachia achague maneno matano yake mwenyewe, na kugeuka upande anapoyaandika.

Mpigie usiku huu. Muulize angependa nani aweze kuziona. Pengine atasema mama na yeye tu, pengine atakuambia nyingine zifutwe kabisa. Vyovyote atakavyosema, kesho kabla mtoto wa jirani hajaja na flashi yake, iwe imefanyika.